Antimoni inajuaje imetua pingili gani ya nanowaya?

MwalimuWaIsevya

Wakuu wa jukwaa, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaumbuka zaidi.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Tabora mjini. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye mada ya fuwele, na kwa kuwa maabara yetu haina modeli za atomu, nilipita sokoni nikanunua machungwa 40. Mama muuzaji akaniuliza kuna shughuli wapi. Nikamwambia nakwenda kufundishia. Akaniongezea mawili, nadhani kwa huruma.

Darasani nikayapanga mezani. Tabaka la kwanza machungwa yamebanana, tuliite A. Tabaka la pili linakaa kwenye mabonde ya lile la kwanza, hilo ni B. La tatu ndilo lenye uamuzi: ama machungwa yake yanakaa wima juu ya yale ya A, ama yanakaa kwenye mabonde ambayo B haikuyatumia, na hilo tunaliita C. Ukirudia ABABAB unapata mpangilio wa pembe sita. Ukirudia ABCABC unapata wa mchemraba. Kila chungwa hapo linasimama badala ya jozi ya atomu, moja ya galiamu na moja ya aseniki. Darasa lilikuwa kimya kabisa, ingawa nakiri si wote waliokuwa wanafuatilia fizikia, wengine walikuwa wanasubiri yagawiwe.

Sasa tatizo. Mdogo wangu anayesoma chuo aliniletea makala kuhusu nanowaya za semikondakta (vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu). Hizi ni nyaya za galiamu-asenaidi, yaani galiamu na aseniki zilizoungana, nyembamba sana: ukizilaza kama 1,000 kwa upana ndipo unapata unene wa unywele. Kilichonivutia ni kwamba waya mmoja anaweza kuwa na pingili kama muwa. Pingili moja imepangwa ABAB, wao wanaiita wutsaiti. Inayofuata imepangwa ABC, hiyo ni zinkiblendi. Atomu ni zile zile. Halafu ukiupulizia waya mzima gesi yenye antimoni, elementi ya kundi moja na aseniki, antimoni inajazana zaidi kwenye pingili za zinkiblendi na kupungua kwenye wutsaiti.

Nikaenda kulisimulia hilo darasani kwa mbwembwe. Kijana mmoja anayekaa nyuma karibu na dirisha akanyoosha mkono: "Mwalimu, wiki iliyopita ulisema kila galiamu imeshikana na aseniki nne, na kila aseniki imeshikana na galiamu nne, kwenye mipangilio yote miwili. Kama majirani ni wanne huku na wanne kule, antimoni inajuaje imefika mtaa gani?"

Nikamwambia nitajibu Jumatatu. Jumatatu tatu zimepita. Yule kijana ana adabu mpaka inaniuma, hanikumbushi, ananitazama tu.

Nawasilisha.

KayaMjini

Mwalimu, hii inapandisha bei ya tumbaku?

MwalimuWaIsevya

Haipandishi. Karibu chungwa.

Mgebuka77

Mwalimu, nadhani umeshika mkia ukadhani ni kichwa.

Galiamu-asenaidi ya kawaida, ile ya bonge, siku zote ni zinkiblendi. Cha ajabu ni kwamba ikioteshwa kama nanowaya inakubali kuwa wutsaiti. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1964 Wagner na Ellis wa Bell Labs kule Marekani waliotesha nyuzi za silikoni kwa kutumia tone la dhahabu: gesi inaingia kwenye tone, tone linashiba, kisha fuwele inajitokeza chini yake na kulinyanyua tone juu. Nanowaya nyingi za leo bado zinaoteshwa hivyo hivyo.

Sasa ukiongeza antimoni wakati waya unaota, wutsaiti inatoweka na unapata zinkiblendi safi. Hilo limeonekana mara nyingi. Kwa hiyo antimoni ndiyo inayochagua mpangilio. Ukiikuta imejaa kwenye zinkiblendi usishangae, mwenye nyumba ndiye aliyeijenga. Mwambie kijana hivyo, uzi ufungwe.

BintiUjiji

Mwakeye wote, na shikamoo kwa wanaostahili.

Uzi usifungwe kwanza. Mimi ni mtu wa Ujiji, niko likizo nyumbani, naandika kwa simu barazani huku nimepewa zamu ya kufukuza kunguru kwenye dagaa za mama. Mkiona herufi zimerukwa, mjue kunguru kashuka. Huko kazini naendesha hadubini ya elektroni kwenye maabara ya chuo kimoja cha Ulaya. Si profesa. Mimi ni yule anayepigiwa simu saa tano usiku mashine ikigoma.

Ndugu Mgebuka77, ulichosema ni kweli, ila ni kweli ya kwenye ncha. Waya unapoota, kila tabaka jipya linazaliwa chini ya tone, na antimoni ikiwepo pale inayavuta matabaka yakae kama zinkiblendi. Hapo sibishi. Lakini Mwalimu anauliza habari ya waya uliokwisha kuota. Umetengeneza pingili zako kwa kuongeza na kupunguza gesi ya aseniki, wutsaiti, zinkiblendi, wutsaiti, umemaliza. Ndipo unapofungulia antimoni, nayo inatua ubavuni. Nyumba ilikwisha kuezekwa kabla mpangaji hajashuka kwenye treni. Utasemaje ndiye aliyechimba msingi?

Mimi hili nililijua kwa aibu, ngoja niwasimulie.

Mwanafunzi mmoja wa udaktari aliniletea nyaya za namna hiyo, zimefunikwa ganda jembamba lenye aseniki na antimoni. Maandalizi yake ni ya kizamani kuliko mnavyodhani. Unachukua karatasi laini isiyotoa nyuzi, unaikunja pembe, unaigusisha kwenye ule msitu wa nyaya, kisha unaipangusa juu ya kigridi cha shaba chenye upana wa milimita 3. Nyaya zinavunjika na kulala humo. Basi. Mashine ya mabilioni inalishwa kwa pembe ya karatasi.

Katika aina ya picha tuliyotumia, atomu nzito inang'aa kuliko nyepesi. Galiamu ni namba 31, aseniki 33, antimoni 51. Nikawasha, nikaona waya una pete: pete inayong'aa, pete hafifu, inayong'aa, hafifu, kama mkia wa kanu. Mwangaza peke yake ungeweza kuwa unene tu, kwa hiyo nikapima na eksirei, maana kila elementi ikipigwa na elektroni inatoa eksirei yenye nishati yake. Kweli, pete zinazong'aa zilikuwa na antimoni zaidi.

Nikatoa hukumu bila kusita: valvu ya antimoni inakohoa. Gesi inakuja kwa mafungu badala ya kutiririka. Fundi wa gesi, mzee mpole, akaifungua, akaisafisha, akairudisha. Tukaotesha upya. Pete zile zile. Akaifungua tena, safari hii akaweka mpya. Kumbukeni gesi za aseniki ni sumu ya kuua, kwa hiyo kubadilisha valvu pale si sawa na kubadilisha koki ya bafuni, kila kitu kinasafishwa kwa nitrojeni kwanza, vinaandikwa vitabu. Wiki mbili zikaisha. Tukaotesha. Pete, mahali pale pale.

Usiku mmoja, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kuuzungusha waya polepole ndani ya hadubini. Nanowaya ukiitazama ovyo huoni mpangilio wowote. Lazima uigeuze mpaka safu za atomu zinyooke kukuelekea, kama vile shamba la michikichi linavyoonekana vurugu ukiwa ndani ya gari, halafu gari likifika pembe fulani ghafla mistari yote inafunguka mpaka mwisho wa shamba. Ilipofunguka nikaona kwenye pingili moja matabaka yanakwenda zigizaga, kushoto kulia kushoto kulia: wutsaiti. Kwenye pingili ya jirani yanakwenda mshazari moja kwa moja: zinkiblendi. Nikachukua picha ya mpangilio nikailaza juu ya picha ya antimoni. Kila pete inayong'aa ilikaa juu ya zinkiblendi, mpaka kwa mpaka.

Valvu ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Nilimpelekea yule mzee kahawa asubuhi. Aliipokea bila kuinua macho.

Sasa swali la kijana, na Mwalimu naomba umpe alama zake zote, maana mimi nililipwa mshahara na sikuwahi kuliuliza.

Yuko sahihi: majirani ni wanne huku na wanne kule. Hata majirani wa pili idadi yao ni sawa, 12. Tofauti iko kwenye namna jozi zinavyotazamana. Kwenye zinkiblendi vifungo vyote vimepishana, mkono wa huku unatazama pengo la kule. Kwenye wutsaiti, kifungo kimoja katika kila vinne kimelingana, mikono inatazamana ana kwa ana. Kwa galiamu-asenaidi tofauti hiyo ya nishati ni kama milielektrovolti 24 kwa jozi moja, ambayo inakaribia mtikisiko wa kawaida wa joto la chumbani. Ni kidogo mno. Ndiyo maana nanowaya zinaweza kuwa hivi au vile, na ndiyo maana ukitafuta jibu lako ndani ya fuwele hulipati.

Lakini antimoni haiingii kutokea ndani. Inatoka hewani, inatua ubavuni, inatembea juu ya uso. Na ubavu ndipo mipangilio hii miwili inapoacha kufanana. Chukua kisu ukate pembeni mwa lundo la ABAB, kisha ukate pembeni mwa lundo la ABC. Nyuso zinazotokea si moja. Zote mbili zina galiamu na aseniki kwa idadi sawa, zote zina safu za atomu zilizopinda, ila namna safu zile zinavyokaa, na nafasi iliyoachwa katikati, ni tofauti. Atomu ya juu usoni haina majirani wanne tena, ina watatu, mkono mmoja unaning'inia. Kila kitu kinategemea ule mkono unaelekea wapi.

Antimoni ili iingie lazima iitoe aseniki iliyokuwepo na kukaa mahali pake. Kutoa huko kuna kizingiti cha nishati, na kizingiti cha uso wa zinkiblendi ni kifupi kuliko cha wutsaiti. Watu wa Lund kule Uswidi waliliona hili kwa ile hadubini yenye ncha ya sindano inayopapasa uso atomu kwa atomu: antimoni imejaa juu ya pingili moja, pingili ya pili inayo chache, na hesabu zao za kompyuta zikaonyesha kizingiti hicho hicho.

Kwa hiyo mwambie kijana: antimoni haijui iko kwenye mtaa gani. Inachokijua ni mlango uliosimama mbele yake.

Kama anataka ushahidi kwamba ni uso na si utumbo, mpe huu. Nanowaya ya galiamu-asenaidi ina mbavu sita. Ifunike kwa ganda la alumini, galiamu na aseniki, kisha uikate kama unavyokata karoti. Ganda lote ni fuwele ya aina moja, gesi ni ile ile, lakini utaona mistari sita myeusi inayotoka katikati kwenda kwenye kona sita, kama nyota. Ni myeusi kwa sababu pale alumini ni nyingi, nayo ni nyepesi. Kwenye kona uso unaoota ni mwembamba na umeelekea kwingine, basi mchanganyiko ukabadilika. Hapo hakuna wutsaiti wala zinkiblendi ya kusingizia.

Kunguru.

NyukiSikonge

Dada BintiUjiji, mimi nimesoma uzi wote ingawa elimu yangu ni ya darasa la saba. Ninafanya asali, mizinga yangu iko Sikonge, naleta mjini Tabora na nyingine inapanda treni kwenda Dar.

Kila mwaka ikifika Juni, Julai, baridi ikianza, asali yangu inaganda. Inaanza chini ya ndoo, inakuwa kama uji wa sembe, chembechembe nyeupe. Wateja wa Dar wananipigia simu, mzee umetuwekea sukari. Mwaka juzi mmoja alinirudishia ndoo saba, nauli juu yangu. Asali ni ya miombo, nimeirina mwenyewe usiku, nimeungua vidole. Sasa hii habari ya fuwele kuchagua nani aingie nani abaki, ina uhusiano na ndoo zangu, au nimeingilia mazungumzo ya watu?

BintiUjiji

Shikamoo mzee wangu. Hujaingilia, umeleta mfano mzuri kuliko wangu.

Asali ni sukari mbili ndani ya maji kidogo: fruktosi, ambayo ndiyo nyingi kidogo, na glukosi. Sukari hizi mbili zina atomu zile zile kwa idadi ile ile, kaboni 6, hidrojeni 12, oksijeni 6. Ukiziandika kwa fomula huwezi kuzitofautisha. Fuwele inazitofautisha. Baridi ikija glukosi inaanza kujipanga, na katika mpangilio wake kila molekuli ya glukosi inakaa na molekuli moja ya maji. Fruktosi haina umbo la kukaa pale. Inasukumwa nje, inabaki kwenye majimaji.

Kwa hiyo zile chembe nyeupe ni glukosi iliyokuwa ndani ya asali yako tangu nyuki. Hakuna aliyeiweka. Na hapo hapo nikuulize: ndoo ikishaganda, juu si panabaki tabaka jepesi, la majimaji?

NyukiSikonge

Marahaba mwanangu. Panabaki. Na ndilo linalochachuka kwanza. Nilidhani ni vifuniko.

BintiUjiji

Si vifuniko. Fuwele imechukua glukosi nyingi na maji machache, basi kilichobaki juu kina maji zaidi kuliko asali uliyorina, na chachu inapenda maji. Iweke ndoo kwenye maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, ukoroge mpaka irudi kuwa moja. Wateja wa Dar siwawezi.

Ila Mwalimu, ukiutumia mfano wa mzee darasani uwe mwangalifu, maana yule kijana atakukamata. Asali inaonyesha fuwele moja ikichagua kati ya wageni wawili. Swali lako ni fuwele mbili za kitu kile kile zikimtendea mgeni mmoja tofauti. Huo una mfano wake, na uko huku kwetu ziwani.

Chukua ganda la yai la kuku na gamba la konokono wa Ziwa Tanganyika, yale ambayo samaki wadogo wanajificha na kutagia ndani. Yote mawili ni kitu kimoja, kaboneti ya kalsiamu. Yatie kwenye siki, yote yatatoa mapovu. Lakini la yai limepangwa kwa mpangilio unaoitwa kalsaiti, na la konokono kwa mpangilio unaoitwa aragonaiti. Kwenye kalsaiti kila kalsiamu imezungukwa na oksijeni 6, chumba ni kidogo. Kwenye aragonaiti imezungukwa na oksijeni 9, chumba ni kikubwa. Sasa walete wageni: magnesiamu ni ndogo kuliko kalsiamu, strontiamu ni kubwa. Kalsaiti inaipokea magnesiamu kwa urahisi zaidi, aragonaiti inaipokea strontiamu. Ukweli kiumbe mwenyewe naye ana mkono wake katika jambo hili, konokono si chupa ya maabara, lakini hata ukivitengeneza bila kiumbe mwelekeo ni huo.

Na hapo hapo mwonyeshe mfano unapokomea. Kwenye kaboneti majirani si sawa, 6 na 9, kwa hiyo uchaguzi unaonekana hata ndani ya fuwele. Kwenye nanowaya majirani ni wanne na wanne, ndiyo sababu tumelazimika kutoka nje tukakae ubavuni.

Mgebuka77

Sawa dada, nimerudi nyuma hatua moja. Moja tu.

Nikubali kwamba waya ukishaota mpangilio unaweza kutangulia na mchanganyiko ukafuata. Nakumbuka hata wale wa Eindhoven, Uholanzi, mwaka 2020. Walichukua nanowaya ya galiamu-asenaidi yenye wutsaiti wakaifunika kwa ganda la jemaniamu na silikoni, na ganda likaiga mpangilio wa waya likawa la pembe sita. Likatoa mwanga vizuri, jambo ambalo silikoni ya kawaida ya mchemraba haiwezi. Kwa hiyo mpangilio unaweza kuazimwa.

Lakini niulize kwa nini mtu ahangaike. Kama nataka waya wenye pingili za antimoni, si nifungue na kufunga valvu tu wakati waya unaota?

BintiUjiji

Swali la fundi hilo, nimelipenda.

Kwetu Ujiji kuna bomba la mtaa ambalo ukifunga koki linaendelea kutoa maji mpaka umalize kufunika ndoo, kwa sababu paipu ndefu bado imejaa. Tone la dhahabu nalo ni hivyo. Ukibadilisha elementi kama galiamu na indiamu, kilichokwisha kuingia kwenye tone hakitoki papo hapo. Umefunga gesi ya indiamu, tone bado linaitoa, matabaka kadhaa yanaendelea kupata indiamu inayopungua polepole. Mpaka wako unakuwa na ukungu.

Mpaka wa wutsaiti na zinkiblendi hauna ukungu. Tabaka ama limekaa hivi ama limekaa vile, hakuna nusu. Kwa hiyo ukitaka mpaka mkali wa mchanganyiko, unaweza kwanza kuchora pingili kwa mpangilio peke yake, halafu ukaiacha antimoni ifuate mchoro. Kama kanga: ukiwa na ubao mzuri wa kuchapia, mkono wa anayemwaga rangi unaweza kutetemeka kidogo na ua likatoka lile lile.

Kuna kitu kingine ambacho makala nyingi zinakipita haraka. Mtu akikuletea nanowaya akakuambia ina antimoni asilimia fulani, muulize umepima wapi. Wastani wa waya mzima wenye pingili haukuambii chochote. Ni sawa na kusema abiria wa treni ya Kigoma wana wastani wa miaka 30, kumbe behewa moja ni la wanafunzi na la pili ni wazee watupu. Mimi siku hizi sikubali kupima mchanganyiko kabla sijauzungusha waya na kuona mpangilio kwanza. Nadaiwa kahawa nyingi na yule mzee wa valvu, sitaki deni lizidi.

KayaMjini

Nimesoma yote. Bei ya tumbaku iko pale pale ila kuhusu asali nimeelewa. Mzee NyukiSikonge, ndoo bei gani?

NyukiSikonge

Iliyoganda au isiyoganda?

KayaMjini

Iliyoganda. Nataka nimwonyeshe mke wangu glukosi.

MwalimuWaIsevya

Wakuu, nimerudi. Jana ilikuwa Jumatatu.

Nilikwenda na machungwa 20 tu, mshahara bado. Nikapanga malundo mawili madogo, ABA na ABC, nikayakata ubavuni kwa kisu cha jikoni kama dada alivyoelekeza. Sikufikiria juisi. Meza yote ikawa majimaji, siafu wakaja kabla ya kengele. Lakini nyuso zilionekana: upande wa ABA vikombe vya machungwa yaliyokatwa vilikuwa vinapishana kushoto na kulia, na upande wa ABC vilikuwa vinapanda mshazari. Nikachukua ndimu moja, nikasema hii ni antimoni (najua antimoni ni kubwa kuliko aseniki na ndimu ni ndogo kuliko chungwa, nilikosa balungi). Nikamwita kijana aje aitafutie pa kukaa kwenye kila uso. Akaisogeza sogeza muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kumbe haichungulii ndani."

Nikashukuru Mungu. Nikageuka kufuta ubao.

Akaongeza: "Mwalimu, sasa ile iliyotua kwenye mstari kabisa, katikati ya pingili mbili?"

Nimemwambia Jumatatu.

BintiUjiji

Mwalimu, safari hii usingoje.

Mwambie kutua si kukaa. Atomu inapotua kwenye uso wenye joto inarukaruka kutoka nafasi hadi nafasi, mara nyingi, kabla haijaingia au haijaruka tena kurudi hewani. Iliyotua kwenye mstari inaweza kuishia upande wowote. Hata iliyotua katikati ya wutsaiti inaweza kutembea mpaka ikavuka na kukuta kizingiti kifupi upande wa zinkiblendi, ikaingia huko. Kwa hiyo aulize kwanza pingili zake zina urefu gani, halafu aulize antimoni inaweza kutembea umbali gani kwenye joto hilo. Pingili zikiwa fupi kuliko mwendo wa atomu, zinkiblendi inavuna hata ya jirani. Zikiwa ndefu, katikati ya wutsaiti kunabaki zilizochoka njiani.

Mwambie achore grafu mbili, moja ya pingili fupi na moja ya pingili ndefu, unipigie picha. Meli yangu haiondoki hadi Alhamisi.